Paul Broca na Mahali pa Usemi

Weka kiganja chako juu ya paji la uso. Chini ya ngozi hiyo pana mfupa, nao ni sehemu ya fuvu. Ndani ya fuvu umo ubongo. Ubongo mkubwa una nusu mbili: ya kulia na ya kushoto. Nyuma yake kwa chini, karibu na kisogo, upo ubongo mdogo, ambao hukusaidia kwenda bila kuyumba.

Sasa soma habari za mtu aliyetafuta mahali pa usemi katika ubongo.

Paul Broca alizaliwa nchini Ufaransa mwaka 1824. Baba yake alikuwa daktari, naye akajifunza udaktari mjini Paris. Siku hizo wataalamu walibishana. Wengine walisema kwamba ubongo wote hufanya kila kazi kwa pamoja. Wengine walisema kwamba kila sehemu ina kazi yake.

Mwezi Aprili mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre, Broca aliletewa mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Kwa miaka 21 mtu huyo hakuweza kutamka ila sauti moja tu: tan. Hata hivyo hakuwa mpumbavu. Aliyaelewa mengi aliyoambiwa, na alipoulizwa idadi ya kitu alijibu kwa vidole. Mkono wake wa kulia na mguu wake wa kulia vilikuwa vimepooza.

Baada ya siku chache Leborgne alifariki. Broca aliutazama ubongo wake, akaona kwamba umeharibika upande wa kushoto, katika sehemu ya mbele, kwa chini. Usishangae kwamba mwili ulipooza upande wa kulia, maana nusu ya kushoto ya ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili.

Broca hakuridhika na mgonjwa mmoja. Aliwachunguza wengine waliopoteza usemi, akaona madhara upande ule ule. Mwaka 1865 alieleza kwamba kwa watu walio wengi nusu ya kushoto ndiyo inayotawala usemi. Alifariki mwaka 1880, na sehemu ile ya ubongo ikaitwa eneo la Broca. Siku hizi tunajua kwamba sehemu nyingine za ubongo pia husaidia katika kusema.

Lakini kushoto ni kushoto kwa nani? Simama mkabala na mwenzako. Mwambie aguse panja lake la kushoto. Utaona kwamba mkono wake uko upande wako wa kulia! Kwa sababu hiyo madaktari wote hutaja kulia na kushoto kwa mwenye mwili, wala si kwa mtazamaji. Daktari akikosea jambo hili dogo, huenda akapasua upande ulio mzima na kuuacha ulio mgonjwa.

Kazi ya kufanya: Chora kichwa cha mtu anayekutazama. Andika mahali pake: paji, kisogo, utosi, panja la kulia na panja la kushoto. Ni kipi kati ya hivyo usichoweza kukiona katika picha yako? Kwa nini?