General China: Soja, Mbogi, Kisha Gwanda Tena

Msee wa Kariobangi, ukishika Outer Ring hadi Thika Road utapita makao makuu ya NYS, Ruaraka. Cheki nani alikuwa mkubwa huko: Waruhiu Itote, General China mwenyewe.

Alizaliwa Nyeri 1922. Mwaka wa 1942 akaingia KAR, akapigania mzungu huko Burma. Kurudi Nairobi, hakuna shamba, hakuna heshima, ni job ya reli tu. Ndio akaingia Forty Group, mbogi ya vijana wa mtaa na masoja wa zamani. Mkoloni aliwaita wezi na, tusidanganyane, wengine walikuwa.

Ujuzi wa KAR akaupeleka Mlima Kenya, akaongoza Mau Mau. Januari 1954 akapigwa risasi, akanaswa, akahukumiwa kunyongwa. Aliponea kwa kukubali kuwashawishi wenzake wajisalimishe. Iite usaliti ama kujiokoa, ni wewe. Akatupwa Lokitaung, jela moja na Jomo Kenyatta.

NYS ilipoanzishwa 1964, serikali ikampa cheo humo, alee mayut wasio na kazi. Alifariki 1993.

Leo ukienda kuandikwa KDF hutakiwi kuwa na criminal record. Buda alikuwa na hukumu ya kifo.