Tewodros wa Ethiopia, mfalme aliyetaka mizinga itengenezwe kwake

Mjini Goma watu wamezoea silaha zinazofika tayari, zimeshatengenezwa mbali na kupita mipaka. Zaidi ya miaka 150 iliyopita kuna mfalme wa Afrika aliyekataa mambo yaende hivyo.

Jina lake la kuzaliwa ni Kassa Hailu, mtoto wa Qwara, upande wa Ethiopia unaopakana na Sudan. Alizaliwa mwaka wa 1818 hivi. Mwaka wa 1848 alishambulia jeshi la Misri kule Dabarki, na mizinga ya Wamisri ikawafyeka watu wake. Kichapo hicho hakukisahau. Februari 1855 akavikwa taji, akaitwa Tewodros wa pili.

Sasa akataka mafundi. Wamisionari Waprotestanti waliosomea Uswisi walikuwa wamekuja na Biblia na kazi za mikono. Akawaweka Gafat, karibu na Debre Tabor, akawaambia watengeneze mizinga. Wakasema hawajui kazi hiyo, lakini kukataa amri ya Tewodros haikuwa jambo rahisi. Wakajenga tanuru, wakajaribu, wakashindwa, wakarudia tena. Kati ya mafundi wa Gafat kulikuwa Theophilus Waldmeier, pia Moritz Hall, mtu wa Poland. Mwisho wakamtolea ule mkubwa kuliko yote, wa tani 7 hivi, mfupi na wenye mdomo mpana. Akauita Sebastopol.

Wakati huo matata yalikuwa yameshaanza. Mwaka wa 1862 alimwandikia malkia Victoria wa Uingereza barua ya urafiki. Serikali ya London haikujibu, basi Tewodros akamfunga minyororo konseli wao, Cameron, pamoja na wazungu wengine.

Waingereza wakatuma jenerali Napier na askari karibu 13.000 kutoka India. Tewodros naye akaondoka Debre Tabor Oktoba 1867 kwenda ngome ya Magdala. Mamia ya watu wakavuta Sebastopol kwa kamba, huku barabara ikichongwa mlimani mbele yao, na mfalme mwenyewe akibeba mawe. Walitumia karibu miezi sita.

Tarehe 10 Aprili 1868, pale Arogee, bunduki mpya za Snider, zinazojazwa risasi kwa nyuma, ziliua watu wake 700 hivi. Waingereza walipoteza 2 tu. Jasho lote la Gafat halikumsaidia kitu.

Siku tatu baadaye Waingereza waliingia Magdala. Tewodros hakungoja kukamatwa: alijipiga risasi kwa bastola aliyopewa zamani kama zawadi ya malkia Victoria.

Mtoto wake Alemayehu alichukuliwa Uingereza, akafia huko mwaka wa 1879 akiwa na miaka 18 tu, akazikwa Windsor. Sebastopol ulikuwa mzito mno kubebwa. Uliachwa palepale Magdala.