Sean Devereux, Mwalimu Aliyeuawa Kisimayu

Tarehe 2 Januari, 1993, katika mji wa Kisimayu, kijana mmoja Mwingereza mwenye umri wa miaka 28 alikuwa akitembea kwa miguu, hana silaha wala ulinzi. Mtu mwenye bunduki alimjia kwa nyuma, akampiga risasi ya kichwa. Kijana huyo ndiye Sean Devereux. Tumeona ni vyema kuyasimulia maisha yake hapa kwa sababu wasomaji wetu wengi hukaa na bunduki kila siku, na maisha ya mtu huyu, tangu Liberia hadi Somalia, yalikuwa ni mabishano marefu na bunduki isiyokuwa na amri.

Alizaliwa tarehe 25 Novemba, 1964, huko Camberley, kusini mwa Uingereza. Alisomeshwa na Wasalesiani wa Don Bosco mjini Farnborough, akaendelea katika Chuo Kikuu cha Birmingham, kisha akawa mwalimu katika shule ya Wasalesiani ya Chertsey. Alipenda michezo na alipendwa na wanafunzi. Angeweza kustaafu hapo akiwa mwalimu mwema kama walivyo wengi.

Mwaka 1989 aliondoka kwao akaenda Liberia kwa kujitolea, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko huko Tappita, wilaya ya Nimba. Mwezi Desemba mwaka huo huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka katika wilaya hiyo hiyo ya Nimba. Shule ikafungwa. Wageni wengi walirudi makwao, na hatuwalaumu. Devereux aliingia katika kazi ya Umoja wa Mataifa ya kugawa chakula kwa waliopoteza makazi. Huko aliwaona watoto wenye umri wa wanafunzi wake wakipewa bunduki ndefu kuliko mikono yao, wakiwekwa kwenye vizuizi vya barabara kuwapekua watu wazima. Hakunyamaza, na mwaka 1992 akaiacha Liberia. Badala ya kupumzika, alikubali kazi ya UNICEF katika mji wa Kisimayu.

Hali ya Kisimayu wakati huo yahitaji maelezo. Siad Barre alikuwa amekimbia Mogadishu mwezi Januari, 1991, na tangu hapo hapakuwa na serikali. Kisimayu, kwa kuwa ina bandari, iligombaniwa na kutekwa mara kwa mara. Kila kundi lililoingia lilipora lililoachwa na lile lililotangulia. Walioumia sana ni wale wasiokuwa na jeshi la ukoo. Miongoni mwao ni Wabajuni, ndugu zetu wa lugha, wavuvi wa Koyama, Chovai, Chula na visiwa vingine vinavyoshuka kutoka Kisimayu kuelekea mpaka wa Kenya. Wengi waliporwa mali na vyombo vyao vya bahari, nao wakakimbilia Lamu na Mombasa. Katika mwaka 1992 njaa iliua watu wanaokadiriwa kufika laki tatu katika Somalia nzima.

Hapa ndipo tunapopenda kukaa kidogo, kwa kuwa palipatikana jambo la akili. Nafaka kavu ilikuwa ni fedha: gunia moja la mchele liliweza kununua risasi, kwa hiyo meli ya chakula ilikuwa ni karamu ya wanyang'anyi. Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu ya Somalia wakaamua kupika. Chakula kilichokwisha kupikwa hakiuziki wala hakiwekwi ghalani. Majiko zaidi ya 900 yalifunguliwa nchini, yakawalisha watu wapatao milioni moja, na waliofanya kazi humo walikuwa ni Wasomali wenyewe, wanawake wengi wakiwa mbele. Askari anayejua ugumu wa kulinda msafara ataelewa mara moja thamani ya hila hiyo.

Katika juhudi hizo, Devereux alibeba jukumu la UNICEF kwa watoto wa Kisimayu. Ilimlazimu kupatana kila siku na wenye silaha ili chakula kipite, na wakati huo huo aliwaambia waandishi wa habari wazi wazi kwamba silaha zilizomiminwa Somalia na mataifa ya nje ndizo zilizozaa njaa ile. Mwezi Desemba, 1992, wafuasi wa Kanali Omar Jess waliwaua makumi ya watu wa koo za Harti mjini humo, wengi wao watu wa heshima, siku chache kabla ya majeshi ya kigeni kufika. Devereux aliyasema hayo pia. Kwa mtu anayelala katika mji ule ule, maneno hayo yalikuwa na bei.

Wanajeshi wa Marekani na Ubelgiji walishuka Kisimayu tarehe 20 Desemba. Wiki mbili hazijatimia, Devereux akauawa, mji ukiwa na majeshi ndani yake. Tunalitaja hili bila kejeli: kuwamo mjini ni jambo moja, kumlinda anayepita njiani bila silaha ni jambo jingine. Mwezi Februari mapigano yalizuka tena mjini humo kati ya watu wa Jess na wa Jenerali Morgan.

Hata hivyo kazi haikuzikwa pamoja naye. Katika mwaka 1993 vifo vya njaa vilipungua sana, na Wasomali walioajiriwa na mashirika waliendelea kupika, kupima watoto na kuwachanja, ingawa majina yao hayakuandikwa magazetini kama lake. Katika miaka iliyofuata sehemu ya Wabajuni walirudi visiwani kutoka kambi za Mombasa, wakaanza tena kuvua. Huko Yateley, Uingereza, iko bustani ya umma yenye jina la Sean Devereux, ambamo watoto hucheza mpira.