Maisha ya Kazadi, Mlinda Mlango wa Lubumbashi

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kuletewa katika kurasa hizi habari za watawala, wasafiri na washairi wa zamani. Safari hii naomba ruhusa niwaletee habari za golikipa. Mwalimu mwenzangu mmoja, aliposikia nia yangu, aliniuliza kama golikipa naye ana maisha ya kuandikwa. Nilimjibu kuwa anayo, na tena yana mashaka kuliko ya watu wengi wanaovaa tai.

Jina lake ni Kazadi. Alizaliwa tarehe 6 Machi 1947, wakati Kongo ilipokuwa chini ya Wabelgiji, na kwa miaka ya kwanza ya mchezo wake alijulikana kwa jina la Robert Kazadi. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliibadili nchi ikaitwa Zaire, na mwaka uliofuata akawataka raia wote waache majina ya Kizungu. Ndipo Robert akawa Mwamba Kazadi. Mchezaji aliyekwisha kupata sifa kwa jina moja akalazimika kuanza kuzoeza watu jina jingine.

Sisi wa nyanda hizi za juu si wageni wa Kongo. Ukiteremka kutoka Kasulu mpaka Kigoma, ng'ambo ya ziwa ndiyo hiyo. Tangu mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa humu humu Kasulu, wengi wetu tumesikia habari za timu za kule kutoka kwa watu wenyewe. Lubumbashi ni mbali zaidi upande wa kusini, katika nchi ya shaba, lakini lugha ya soko na ya mtaani kule ni Kiswahili kama hapa. Kwa hiyo Kazadi aliyasikia mengi ya sifa zake na matusi yake kwa lugha hii hii tunayoandikia gazeti letu.

Timu yake ilianzishwa na mapadre wa Kibenediktini mwaka 1939. Baadaye iliitwa Englebert, kwa jina la kampuni ya matairi, na mwisho ikaitwa Mazembe, jina ambalo kila mwanafunzi wetu analifahamu kwa sababu ya Mbwana Samatta. Kazadi akiwa mlinda mlango wake, Englebert ilichukua Kombe la Klabu Bingwa ya Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Mwaka 1969 na 1970 ilifika fainali tena, ikashindwa na Ismaily ya Misri, kisha na Asante Kotoko ya Ghana. Fainali nne mfululizo si mchezo.

Januari 1968 timu ya taifa ya Kongo ilikwenda Addis Ababa kugombea Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika fainali ilikutana na Ghana, iliyokuwa imelitwaa kombe mara mbili mfululizo, mwaka 1963 na 1965. Kongo ikashinda kwa bao 1 la Kalala, na wavu wa Kazadi haukuguswa. Mwisho wa mashindano alitajwa kuwa mchezaji bora kuliko wote waliofika pale. Alikuwa hajatimiza miaka 21.

Hapo sina budi kutua kidogo, maana ni jambo la nadra golikipa kupewa heshima ya namna hiyo. Mshambuliaji akipiga mipira mitano nje na mmoja ndani, jioni atabebwa begani. Golikipa akiokoa kumi na mmoja ukampita, watu watakwenda nyumbani wakizungumza habari ya huo mmoja. Wanafunzi wetu wanalijua hili bila kufundishwa. Muhula uliopita tulipokwenda Kibondo kucheza, mvua ilinyesha tangu asubuhi, uwanja ukawa tope jekundu na mpira ukateleza kama sabuni. Golikipa wetu aliokoa mipira ambayo mimi, niliyewahi kusimama golini katika ujana wangu, nisingeigusa. Kisha mmoja ukampita chini ya kwapa. Njia nzima ya kurudi Kasulu alipewa jina la utani ambalo sitaliandika hapa, na wengine wanamwita hivyo mpaka leo. Wanaofanya hivyo wanajijua, na nadhani wataisoma makala hii.

Turudi kwa Kazadi. Mwaka 1973 gazeti la Ufaransa liitwalo France Football lilipokusanya kura za mchezaji bora wa Afrika, wa kwanza alikuwa Bwanga, beki wa Mazembe, na wa pili alikuwa Kazadi. Fikirini timu moja ya mji mmoja kushika nafasi zote mbili za juu katika bara zima, na wote wawili walinzi! Desemba mwaka huo huo Zaire iliifunga Morocco mabao 3 kwa 0 mjini Kinshasa, ikapata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika huko, na wakati ule nafasi zilikuwa 16 tu kwa dunia nzima. Machi 1974 walilitwaa tena Kombe la Afrika mjini Cairo, wakiishinda Zambia katika mchezo wa marudio.

Rais Mobutu alifurahi mno. Wachezaji walipewa nyumba na magari. Vijana wanaosoma habari hii watasema kuwa hiyo ndiyo kazi, lakini wangoje kidogo. Zawadi si mshahara. Mshahara una tarehe yake, na ukicheleweshwa unaweza kuudai. Zawadi hutoka kwa moyo wa mtoaji, na moyo huo ukigeuka huna pa kushitaki. Zamani Wakongo kadhaa walikwenda Ulaya kucheza kwa malipo. Bonga Bonga alichezea Standard ya Liège, na Mokuna alifika hata Sporting ya Lisbon. Lakini mwaka 1966 Mobutu aliwarudisha nyumbani waliokuwa Ubelgiji, na baada ya hapo wachezaji wa timu ya taifa hawakuruhusiwa kwenda nje kutafuta riziki. Hivyo golikipa wa pili kwa kura katika Afrika nzima hakuweza kuuza kazi yake mahali ilipokuwa na bei.

Juni 1974 wakaenda Ujerumani ya Magharibi. Tarehe 14, mjini Dortmund, walicheza na Uskoti wakafungwa mabao 2, yote katika kipindi cha kwanza. Kwa timu ngeni haikuwa aibu hata kidogo. Baada ya hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba fedha walizoahidiwa hazikuwafikia, na kwamba ziliishia kwa wakubwa waliofuatana nao. Walikataa kucheza mchezo wa pili. Wakabembelezwa, wakashinikizwa, mwisho wakaingia uwanjani Gelsenkirchen tarehe 18 kucheza na Yugoslavia wakiwa hawana moyo wa kucheza.

Dakika ya 8 bao la kwanza, dakika ya 14 la pili, dakika ya 18 la tatu. Dakika ya 21 Kazadi akaitwa atoke nje. Hakuwa ameumia. Aliingia Tubilandu, kijana mfupi wa kimo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuutoa mpira wavuni, maana bao la nne lilifungwa mara hiyo hiyo. Katika ghasia zilizofuata Ilunga Mwepu alimpiga refarii teke, lakini refarii akamtoa Ndaye Mulamba, ambaye hakuwa na kosa. Zaire ikabaki na watu 10, na mpaka mwisho mabao yalikuwa 9 kwa 0.

Mwalimu wa timu, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, na kwa hiyo wako waliomshuku kwamba aliwasaidia ndugu zake. Mimi siamini hivyo. Vidinić mwenyewe alikuwa golikipa, tena aliyepata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya mwaka 1960, na golikipa anajua maana ya kumtoa golikipa mzima uwanjani mbele ya watu. Alieleza baadaye kuwa amri ilitoka kwa ofisa wa wizara aliyekuja na timu. Na ushahidi ulio mzito zaidi ni kwamba katika mchezo wa tatu alimrudisha Kazadi pale pale golini.

Nawaomba wazazi wasomao haya wafikiri juu ya zile siku nne katikati ya michezo miwili. Mtu amekuwa wa kwanza katika kazi yake tangu miaka 20. Anatolewa mbele ya dunia nzima na mtu asiyejua kudaka mpira, halafu anaambiwa arudi kazini, safari hii mbele ya Brazil, mabingwa wa dunia. Wachezaji kadhaa walisimulia baada ya miaka mingi kwamba walitishwa wasifungwe mabao mengi, la sivyo wasingerudi nyumbani kwa amani. Huo ndio mchezo ambao Ilunga Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta akaupiga mpira wa adhabu wa Wabrazil kabla wenyewe hawajaupiga. Dunia ilicheka, ikidhani kuwa Waafrika hawajui sheria. Ukijua habari ya vitisho, huchekeki.

Brazil ilihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao 3 ili isonge mbele. Ilifunga moja dakika ya 12, la pili dakika ya 66. Dakika ya 79 Valdomiro alikimbia na mpira upande wa kulia, akapiga shuti la chini kwenye mlingoti wa karibu. Kazadi alikuwapo. Mpira ukapita chini ya mwili wake. Wenzangu wanaofundisha mchezo watasema kwamba mlingoti wa karibu ni mali ya golikipa, na ni kweli, bao hilo lilikuwa lake. Yugoslavia, Brazil na Uskoti zote zilikuwa na pointi 4. Brazil ilikuwa na tofauti ya mabao 3, Uskoti 2. Basi Waskoti, ambao hawakufungwa na mtu yeyote, wakarudi kwao kwa sababu ya mpira ule mmoja, na mpaka leo wakitajiwa Zaire hukumbuka mpira huo.

Nimechukua kalamu nikahesabu. Zaire ilifungwa mabao 14 katika michezo mitatu. Kazadi alifungwa 8: mawili na Uskoti, matatu na Yugoslavia na matatu na Brazil. Sita yaliyobaki si yake. Lakini ukiuliza habari za mabao 9 ya Gelsenkirchen, huambiwi kuwa 6 kati yake yaliingia yeye akiwa ameketi benchi.

Walirudi Kinshasa bila shangwe. Mobutu hakuwa na haja nao tena. Ndaye, aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa katika mashindano mamoja, alivamiwa na majambazi mwaka 1994 akapigwa risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini akaishi maisha ya dhiki, na huko ndiko alikofariki mwaka 2019.

Sababu ya mimi kuyachimba haya ni kwamba mzee mmoja kutoka upande wa Kibondo alinijia ofisini juu ya mwanawe wa kidato cha nne. Kijana ni golikipa hodari, na timu moja ya mjini ilimwita akafanye majaribio katika majuma yale yale ya mtihani wa mwisho. Mzee aliniuliza kama kazi hiyo inalisha. Nilimwambia kuwa golikipa ana neema moja ambayo mshambuliaji hana: miguu ya mbio huchoka mapema, lakini mikono na macho ya golikipa humweka kazini mpaka miaka 35 na zaidi. Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, aliyekuwa golini Simba ilipoitoa Zamalek kwa penalti mwaka 2003, alidumu miaka mingi sana. Lakini nilimwambia pia kuwa katika timu nafasi hiyo ni moja tu, na golikipa wa pili anaweza kukaa benchi mwaka mzima bila kugusa mpira. Nikamtaka aiulize timu mambo machache kabla ya kijana kupanda basi: mkataba umeandikwa, na nani ameutia sahihi? Kijana akivunjika kidole, anayelipa hospitali ni nani? Nauli ya kurudi iko wapi? Kijana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mpaka naandika haya hawajaamua, na mtihani haungoji.

Kazadi alifariki katika miaka ya 1990, akiwa bado hajawa mzee. Hakuiona Mazembe ikiwa bingwa wa Afrika tena, maana ilikaa miaka 41, tangu 1968 mpaka 2009, bila kulipata kombe lile. Mwaka uliofuata ilikwenda Abu Dhabi, ikaishinda Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Golini alisimama Kidiaba, ambaye baadaye aliingia katika siasa za Katanga. Jina lake la kwanza, kama la yule wa zamani, ni Robert.