Nathan Cobb na minyoo wanaoangusha migomba

Mgomba wenye mkungu mkubwa ukianguka, wengi tunaulaumu upepo. Mara nyingi upepo umemalizia tu kazi iliyoanzia kwenye mizizi, ikifanywa na minyoo wadogo wasioonekana kwa macho. Leo tunawaletea habari za Nathan Cobb, mtu aliyetumia maisha yake kuwachunguza.

Cobb alizaliwa mwaka 1859 katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alisoma Ujerumani, akapata shahada ya udaktari, kisha mwaka 1889 akahamia Australia na familia yake. Huko serikali ya New South Wales ilimwajiri kuchunguza magonjwa ya mimea. Mwaka 1893 alieleza mnyoo aliyetoka kwenye mizizi ya migomba ya Fiji. Mnyoo huyo, ambaye leo wataalamu humwita Radopholus similis, yupo pia kwenye migomba ya Uganda na Kagera.

Baadaye alirudi Marekani, na mwaka 1907 akaanza kazi katika Idara ya Kilimo. Alitengeneza njia ya kuuosha udongo kwa maji na kuupitisha kwenye chekeche ili minyoo wabaki. Njia hiyo inatumika hadi sasa. Ni yeye pia aliyetaka elimu ya minyoo hawa isimame yenyewe kama sayansi kamili. Alifariki mwaka 1932.

Cobb aliiona sindano ndogo iliyo mdomoni mwa mnyoo, lakini hakuwa na vifaa vya kuchunguza anachokitema. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya minyoo wa mizizi hujitengenezea wenyewe protini zinazovunja kuta za seli za mmea. Sasa wanasayansi wanachunguza umbo la kila protini na kazi yake, kwani ukijua silaha ya adui unaweza kutafuta njia ya kuizuia, pengine bila kumwaga sumu shambani.

Wakati utafiti ukiendelea, mkulima ana la kufanya. Pasua mzizi kwa urefu: ukiona mabaka mekundu au meusi, usichukue machipukizi kwenye shina hilo. Hata chipukizi linaloonekana zima, limenye mizizi yote na madoa mpaka libaki jeupe, ndipo ulipande. Minyoo hawa hawatembei mbali wenyewe. Mara nyingi sisi ndio tunaowabeba kutoka shamba hadi shamba.