Gustave Eiffel na Nguvu ya Upepo

Gustave Eiffel alizaliwa mwaka 1832 katika mji wa Dijon, nchi ya Ufaransa. Alijifunza kazi ya kujenga kwa chuma. Alijenga madaraja mengi, na mwaka 1889 alimaliza mnara mkubwa wa Paris, wenye urefu wa meta 300. Jina lake likajulikana pote.

Halafu taabu zilimfikia. Mwaka 1893 alihukumiwa katika kesi ya mfereji wa Panama. Mahakama kubwa ilifuta hukumu hiyo, lakini moyo wake uliumia. Mnara wake nao ulikuwa na ruhusa ya miaka 20 tu; kisha ungeweza kubomolewa. Eiffel alikuwa mzee mwenye mali. Angeweza kupumzika, lakini hakupenda kukaa bure.

Miaka mingi alikuwa ameshindana na upepo, maana upepo husukuma madaraja na minara. Sasa alitaka kuipima nguvu yake. Basi aliangusha vibao vya maumbo mbalimbali kutoka juu ya mnara, meta 115, akapima jinsi hewa inavyovizuia. Aliona kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya hewa huzidi mara nne.

Mwaka 1909 alijenga nyumba ya majaribio chini ya mnara. Mashini ya umeme ilivuta hewa kwa nguvu, nayo hewa ikapita juu ya mfano mdogo wa ndege uliosimama. Hivyo Eiffel alipima mabawa bila mtu kuanguka na kufa. Alionyesha kwamba bawa huinuliwa zaidi na mvuto wa juu yake kuliko msukumo wa chini yake. Aliyaandika hayo vitabuni, ili watengenezaji wa ndege wayasome.

Mnara haukubomolewa, kwa sababu ulifaa kwa elimu na kwa radio. Mwaka 1912 Eiffel alihamishia majaribio Auteuil, katika nyumba kubwa zaidi. Baadaye hata motokari zilipimwa humo, kwa kuwa umbo lisilopasua hewa vizuri hupoteza mafuta mengi.

Eiffel alikufa mwaka 1923, mwenye umri wa miaka 91. Akili aliyopewa na Mungu hakuifukia ardhini, wala aibu wala uzee haukumzuia kufanya kazi.