Isaac Singer na Uzi Uliolegea

Mtu apitaye katika soko la Konyo Konyo, hapa Juba, husikia mlio wa vyerehani kabla hajawaona mafundi wenyewe. Hao ndio watushoneao sare za shule, na baadhi ya vyerehani vyao ni vya zamani, vyeusi, vya kukanyagwa kwa miguu. Jina la Singer, lililoandikwa kwa dhahabu ubavuni mwa vyerehani vya namna hiyo, tumelisoma tangu utotoni, lakini wengi wetu hatukujua kuwa lilikuwa jina la mtu. Nimeona yafaa niwaeleze maisha yake, kwa maana yana mafunzo kwa fundi na kwa mwanafunzi pia.

Isaac Merritt Singer alizaliwa tarehe 27 Oktoba, 1811, katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Nyumba yao haikuwa na raha, na Isaac alipokuwa na umri wa miaka kama 12 alitoka kwao akaenda kujitafutia riziki. Shule hakusoma sana. Alijifunza kazi ya mitambo, lakini moyo wake ulipenda zaidi michezo ya kuigiza. Mwaka 1839 alibuni mashine ya kutobolea miamba, akaiuza haki yake kwa dola 2,000. Fedha hizo hakuziweka akiba. Aliunda kundi la waigizaji, akazunguka nalo mji hata mji, mpaka zikaisha zote.

Baadaye alibuni mashine ya kuchongea herufi za mbao za kupigia chapa. Mwaka 1850 boila ililipuka katika kiwanda cha New York alimoiweka, na mashine ikaharibika kabisa. Hata hivyo rafiki yake George Zieber, mfanya biashara wa vitabu, hakumwacha. Wakaenda pamoja mjini Boston, katika karakana ya Orson Phelps, ambaye wakati huo alikuwa akishughulika na vyerehani vilivyoharibika mara kwa mara.

Hapa tusikosee: si Singer aliyebuni cherehani ya kwanza. Elias Howe alikwisha kupata hati ya uvumbuzi mwaka 1846, kwa sindano yenye tundu karibu na ncha na uzi wa pili utokao chini. Singer alitazama vyerehani vya Phelps, akaona kasoro. Chombo kilichobeba uzi wa chini kilizunguka kama gurudumu, nacho kiliusokotoa uzi. Yeye akataka kiende mbele na kurudi nyuma, sindano isimame wima, na kitambaa kilale juu ya meza kikibanwa na mguu. Zieber akatoa dola 40. Wakafanya kazi usiku na mchana, na siku ya 11 mashine ikawa tayari.

Walipoijaribu, haikushona. Uzi ulifanya vitanzi vilivyolegea. Wafanyakazi wakaondoka mmoja mmoja, akabaki Zieber ameshika taa. Usiku wa manane wawili hao wakakata tamaa, wakashika njia kwenda kulala. Njiani waliketi juu ya rundo la mbao, na hapo Zieber akamwuliza mwenzake kama aliviangalia vile vitanzi, na mahali vilipokaa. Singer akagutuka. Walikuwa wamesahau kukaza uzi wa sindano! Wakarudi, akaukaza, na mashine ikashona mishono mitano safi, kisha uzi ukakatika. Lakini mitano ilitosha. Tarehe 12 Agosti, 1851, alipewa hati yake.

Kosa la usiku ule huwasumbua mafundi hata leo. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokumbatiana katikati ya kitambaa. Mmoja ukilegea, mwingine humvuta mwenziwe. Vitanzi vikitokea upande wa chini, tazama uzi wa juu: pengine umelegea, au haukupita kati ya visahani vya kukazia. Katika vyerehani vingi ni lazima kuinua mguu unapotia uzi, ili uingie vizuri humo. Vitanzi vikitokea juu, uzi wa juu umekazwa mno, au wa bobini umelegea. Cherehani ikiruka mishono, badili sindano kwanza, maana huenda imepinda, ni butu, au imetiwa kinyume. Ondoa vumbi la nyuzi, tia mafuta kidogo, na rekebisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, ukijaribu juu ya kipande cha nguo. Skrubu ya bobini iguse mwisho.

Turudi kwa Singer. Howe alimshitaki, naye mwaka 1854 akashindwa, akalipa dola 15,000. Mwaka 1856 wenye hati mbalimbali walipatana, na mwaka huo huo mwenzi wake Edward Clark, mwanasheria, alianza kuuza vyerehani kwa malipo ya kidogo kidogo. Hivyo hata mke wa mkulima aliweza kununua. Singer akawa tajiri mkubwa, lakini nyumbani hakuwa mfano mwema. Alizaa watoto zaidi ya 20 na wanawake mbalimbali. Alikufa tarehe 23 Julai, 1875, huko Paignton, Uingereza, akaacha mali ya zaidi ya dola milioni 10.

Na Zieber je? Mwaka 1851 alipokuwa mgonjwa, Singer alimtia hofu kwamba hataishi, akamwuzia fungu lake kwa dola 6,000. Zieber akapona, lakini fungu lilikwisha kwenda. Mtu aliyetoa dola 40, akashika taa, akauliza swali lililoiokoa mashine, jina lake halikuandikwa juu ya cherehani hata moja.

Wenzangu, kuuliza si ujinga. Kabla ya kuihukumu mashine, tuutazame uzi. Na siku tutakapofanikiwa, tumkumbuke aliyetushikia taa.